Kupanda kwa mwezi na nyota ukiwa ndani ya nyumba: hatua kwa hatua, kutoka Moshi

Nyumba nyingi za kupanga hapa Moshi mjini hazina bustani. Uwanja umepigwa saruji, na palipobaki udongo panaegeshwa bodaboda. Mimi mchicha, saladi, giligilani, pilipili na figili navilima dirishani, na siku za kupanda nazipanga kwa mwezi na nyota. Wengi wameniuliza nafanyaje, basi nimeona niandike yote kwa mpangilio.

Kabla ya kuanza, niseme wazi: hakuna utafiti uliothibitisha kwamba mwezi ndio unaootesha mbegu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walipitia yaliyoandikwa kwenye fizikia, biolojia na kilimo kuhusu jambo hili na hawakuona ushahidi wa kuaminika. Mwanga wa mwezi mpevu haufiki hata luksi moja (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati jua kali la saa sita mchana hufikia kama luksi laki moja.

Naufuata kwa sababu nyingine. Huku karibu na ikweta mchana ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na mvua haiingii sebuleni. Ukilima ndani hakuna kinachokwambia sasa panda, sasa palilia. Mtu anapanda mara moja, anachuma mpaka kunakwisha, kisha dumu linakaa tupu miezi mitatu. Mwezi unagawa kazi: majani, matunda, mizizi, usafi, halafu unaandama tena. Ndani ya siku 29 na nusu kila kazi imepata zamu yake, na wewe umekula mboga bila kukatikiwa. Kwangu hilo ni jambo kubwa, nami nalitetea popote.

Hatua ya 1: Chagua dirisha

Hapa usiharakishe, kwa sababu dirisha likikosewa hakuna nyota itakayokuokoa.

Kwa bahati nzuri Moshi hatuhitaji dira. Kibo iko kaskazini yetu moja kwa moja. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa mlima, kwa hiyo dirisha linalotazama mlima ndilo linaloingiza jua. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua limehamia upande wa pili, kusini, kwenye mashamba ya miwa ya TPC, na madumu nayo yahamie huko. Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la kusini ndilo bora siku zote; kwa Ulaya ni kweli, kwetu ni nusu mwaka tu. Dirisha la mashariki linafaa mwaka mzima, isipokuwa Juni na Julai asubuhi nyingi zina mawingu.

Pima hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kupanda, kisha nyoosha mkono wako sentimita 30 juu yake. Kivuli kikitoka na vidole vinahesabika, hapo hata pilipili na nyanya zitazaa. Kivuli kikiwa cha ukungu, panda mboga za majani. Usipoona kivuli kabisa, hama, au funga taa ya LED nyeupe sentimita 20 hivi juu ya mimea na uiwashe saa 12 hadi 14 kwa siku. Umeme ukikatika siku moja mimea haifi, ila usiwe ndio tegemeo lako pekee.

Hatua ya 2: Dumu na udongo

Chukua dumu la mafuta ya kula la lita tano, lilaze, likate ubavu wa juu, litoboe chini kwa msumari uliopashwa moto. Matundu manane hadi kumi yanatosha. Weka sinia chini yake ili usigombane na mwenye nyumba. Kwa karoti tumia ndoo, maana zinataka kina cha sentimita 25.

Udongo: mafungu mawili ya udongo mweusi, fungu moja la samadi iliyooza sawasawa, fungu moja la makapi ya mpunga. Makapi yanafanya udongo usishikamane ukawa tofali. Samadi ikinuka bado, iache iendelee kuoza nje. Ukiiingiza ndani inaleta vijiinzi vyeusi ambavyo kuviondoa ni kazi.

Hatua ya 3: Soma mwezi

Vitabu vingi vya nje hufundisha kutazama mwezi umeng'aa upande wa kulia au wa kushoto. Kwetu hilo halisaidii, kwa sababu mwezi mwandamo unalala chali kama mtumbwi. Tazama saa badala ya umbo:

- Ukiuona jioni upande wa magharibi baada ya magharibi kuingia, unakua.
- Nusu mwezi ukiwa utosini jua linapozama, ni mwisho wa robo ya kwanza.
- Ukichomoza mashariki wakati jua linazama, umepevuka.
- Ukiukuta juu alfajiri na jioni ulikuwa haupo, unapungua.

Masika mawingu yakiziba wiki nzima, tumia kalenda ya Hijria. Tarehe 1 hadi 7 ni robo ya kwanza ya kazi, 8 hadi 14 ya pili, 15 hadi 21 ya tatu, na zilizobaki ya nne. Kwa kuwa Hijria huanza mwezi ukionekana, inachelewa siku moja au mbili nyuma ya kalenda ya wanajimu. Kwa madumu ya dirishani tofauti hiyo haina madhara.

Kazi zenyewe zinagawanywa hivi. Robo ya kwanza: mboga za majani, yaani mchicha, saladi, spinachi, giligilani. Robo ya pili: vinavyozaa tunda lenye mbegu ndani, yaani nyanya, pilipili, hoho, maharage. Robo ya tatu: mizizi na vitunguu, pamoja na kuhamisha miche. Robo ya nne: hupandi kitu.

Hatua ya 4: Ongeza nyota

Mwezi unazunguka nyota zote kumi na mbili za unajimu kwa siku 27 na ushee, kwa hiyo kila nyota unakaa siku mbili na saa kadhaa. Kwa mapokeo ya kalenda za wakulima, nyota za maji ndizo zenye rutuba: Kaa, Nge na Samaki, Kaa akiwa wa kwanza. Zinafuata Ng'ombe na Mbuzi. Mizani ni ya maua. Punda, Mapacha, Simba, Mashuke, Mshale na Ndoo ni kavu. Humo unapalilia, unapogoa, unaua wadudu. Simba ndiye mkavu kuliko wote.

Kuna mapokeo ya pili. Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, alitoa mihadhara yake ya kilimo mwaka 1924, na kutokana nayo Mjerumani Maria Thun akaanza kutoa kalenda yake miaka ya 1960. Kwake nyota za udongo (Ng'ombe, Mashuke, Mbuzi) ni siku za mizizi, za maji ni za majani, za hewa (Mapacha, Mizani, Ndoo) ni za maua, na za moto (Punda, Simba, Mshale) ni za matunda na mbegu. Tena yeye anafuata makundi ya nyota yanavyoonekana angani, siyo nyota za utabiri wa magazetini. Mafungu hayo mawili yamepishana kama nyuzi 24, na mwezi unatembea nyuzi 13 hivi kwa siku, kwa hiyo kalenda hizo zinaachana karibu siku mbili.

Ndiyo maana nasisitiza: chagua moja, ushike hiyo. Siku ya Mashuke kalenda moja inakwambia panda karoti, nyingine inakwambia usiguse mbegu. Anayechanganya zote mbili hapandi kamwe. Mimi nafuata ya wakulima, kwa sababu unaweza kuikokotoa bila simu: mwezi unapoandama huwa nyota moja na jua, na unapopevuka huwa nyota ya upande wa pili kabisa.

Kama unatumia programu au kalenda iliyochapishwa kwa saa za GMT, ongeza saa tatu.

Hatua ya 5: Jaza kalenda yako

Tuchukue mwezi unaoandama 12 Agosti 2026, siku ya kupatwa kwa jua kunakoonekana Iceland na Hispania. Kwa saa zetu ni kama saa 2:37 usiku. Jua liko Simba, basi na mwezi uko Simba. Usipande.

18 na 19 Agosti mwezi uko Nge, na robo ya kwanza bado haijaisha. Hizo ndizo siku za mchicha, saladi na giligilani.

23 na 24 Agosti uko Mbuzi, robo ya pili. Sia pilipili na nyanya.

28 Agosti unapevuka ukiwa Samaki. Tarehe 29 ungali Samaki na umeanza kupungua: hamisha miche. 2 Septemba na asubuhi ya tarehe 3 uko Ng'ombe: figili na karoti.

Kuanzia 4 Septemba ni robo ya nne. 8 na 9 Septemba uko Simba, siku nzuri ya kusafisha. Mwezi mpya ni 11 Septemba.

Siku yako ikiangukia kwenye msiba au safari, usisubiri mwezi mzima. Katika siku kumi na nne za mwezi unaokua, lazima upite nyota ya maji angalau mara moja, na Ng'ombe na Mbuzi wapo kuziba pengo. Mbegu iliyopandwa siku ya kawaida inashinda mbegu iliyobaki kwenye pakiti.

Hatua ya 6: Panda

Lowesha udongo kwanza, uache maji yachuruzike, ndipo upande.

Giligilani ndiyo inayowashinda wengi, na kosa siyo la nyota. Ile duara unayonunua sokoni ina mbegu mbili ndani. Iweke kwenye meza, iviringishe chini ya chupa kwa mkono mwepesi mpaka usikie imepasuka vipande viwili, usiiponde. Loweka usiku mmoja, fukia sentimita moja. Inachukua siku 10 hadi 14, wakati mwingine zaidi, wakati figili ya jirani yake imetoka siku ya nne.

Saladi usiifukie. Inataka mwanga ili iote: nyunyiza juu, gandamiza kwa kiganja, funika kwa mfuko mwangavu. Januari na Februari, joto la Moshi likipanda, mbegu zake hulala. Weka dumu sakafuni penye ubaridi mpaka zichipue, kisha zirudishe dirishani.

Miche ikishatoka, toa ule mfuko siku hiyohiyo. Unyevu uliofungiwa unaleta kinyausi: shina linanyong'onyea pale linapotoka udongoni na mche unalala chini ndani ya usiku mmoja. Mwagilia asubuhi tu, na tu pale kidole kikizama hadi pingili ya kwanza unakuta pakavu.

Hatua ya 7: Robo ya nne

Punguza miche iliyosongamana, toa majani ya njano, futa vumbi la majani kwa kitambaa kibichi. Pindua majani ya pilipili utazame vidukari, uvifute kwa maji yenye sabuni kidogo. Kata nanaa na mrehani wa kukausha. Osha madumu matupu, changanya udongo mpya, yawe tayari.

Hatua ya 8: Pima mwenyewe

Nunua daftari. Andika mbegu, tarehe, robo, nyota, siku ya kuota. Kisha fanya jaribio hili: pakiti moja ya figili, madumu mawili, udongo wa ndoo moja. Dumu la kwanza panda mbegu ishirini mwezi ukiwa Kaa, la pili ishirini ukiwa Simba, siku mbili au tatu baadaye. Yaweke dirisha lilelile na uyabadilishane nafasi kila asubuhi, maana lililo karibu na kioo linapata mwanga zaidi. Hesabu miche ya kila dumu siku ya saba tangu kupandwa kwake. Rudia mwezi unaofuata, safari hii ukianza na Simba kisha Kaa wa mzunguko ujao, na uandike majibu kama yalivyo.