Kabla helikopta ya jeshi haijatua kijijini kwenu: mambo ya kuzingatia

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika. Mwezi uliofuata Kimbunga Hidaya kikapita, barabara ya Lindi ikakatika pale Somanga. Lori likishashindwa kupita, kinachobaki ni boti na helikopta. Boti tunaijua. Helikopta wengi tumeiona ya kampeni, ile inayotua uwanjani na watu wakaikimbilia kabla vumbi halijatulia, na mazoea hayo ndiyo hatari yenyewe. Ile hubeba watu wachache na mabango. Ya jeshi ya kubebea mizigo, kwa mfano Mi-17, ikijazwa hufika tani 13. Kwa hiyo haya yafanywe mapema, masika hayajaanza. Maji yakishaingia darasani mmechelewa.

Kwanza, ombi. Ndege haiji kwa sababu mtu kampigia shemeji yake aliye jeshini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazo kamati zake, kuanzia kijijini kwenda juu. Taarifa ipite huko. Mtendaji awe na namba za wilaya kwenye karatasi, maana simu huzima, na awe na pawabenki iliyojaa chaji ambayo haichezewi na watoto.

Pili, mahali. Kumwambia rubani "tuko Majengo" ni sawa na kunyamaza, Majengo ziko kila mkoa. Tuma kodineti, yaani zile namba za mahali mlipo kwenye ramani, na uzitume kama simu ilivyoziandika. Hapa ndipo watu wanapopotea bila kujua. Simu ikiandika 8.50, hiyo ni digrii 8 na dakika 30, kwa sababu nusu ya digrii ni dakika 30. Mtu akiisoma redioni "digrii nane, dakika hamsini," ameihamisha sehemu hiyo kilomita 37. Tamka "nane nukta tano sifuri." Na ile alama ya kutoa mbele ya namba usiidharau: ndiyo inayosema mko kusini mwa ikweta. Ukiiacha, kijiji cha Rufiji kinahamia Ethiopia. Nendeni sasa hivi kiangazi katikati ya kiwanja, chukueni namba, ziandikwe kwa rangi ukutani mwa ofisi ya kijiji.

Kiwanja chenyewe kiwe mita 50 kwa 50, peupe. Mapanga ya Mi-17 peke yake, ncha hadi ncha, yanazidi mita 21, na ukijumlisha mkia mashine nzima inafika mita 25. Puma, helikopta nyingine ya mizigo, ni ndogo zaidi, mapanga yake ni mita 15, lakini hamtachagua nyinyi ije ipi. Mteremko usizidi mita 1 ya kushuka kwa kila mita 10. Visiki ving'olewe, kuvikata usawa wa goti haitoshi, tumbo la ndege liko chini kuliko mnavyodhani. Ardhi ijaribiwe: pikapu iliyopakia ikipita na kuacha mfereji, hapo hapafai.

Angalieni juu pia. Rubani huona nguzo, waya haoni. Penye nyaya za TANESCO au nyaya za kushikilia mnara wa simu, mwambieni kabla hajafika ziko upande gani. Minazi nayo ni tatizo la kipekee la Pwani. Watu hudhani helikopta hushuka na kupanda wima kama ndoo kisimani. Yenye mzigo hupenda kuja kwa mshazari, ikielekea upepo unakotoka, na kuondoka hivyohivyo. Kwa hiyo pande mbili za kiwanja ziwe wazi, zinazofuata upepo wa msimu. Saa nane mchana, jua likiwa kali, hewa huwa nyepesi na mashine hiyohiyo hubeba pungufu ya ilivyobeba asubuhi. Ndiyo sababu safari nyingi huwa za asubuhi, kabla pia mawingu hayajajikusanya.

Alama ni herufi H kubwa ya mawe yaliyopakwa chokaa na kuzamishwa ardhini. Chokaa ya unga iliyomwagwa chini itaishia machoni mwenu. Upepo uonyesheni kwa kipande cha kanga kilichofungwa barabara juu ya mti mrefu, nje ya kiwanja. Moshi wa majani mabichi unasaidia sana ndege ikiwa bado mbali, ila moto uzimwe kwa maji kabla haijashuka, la sivyo makaa yatatawanyika kijiji kizima.

Sasa lile linaloumiza watu. Kila kijiji kina uwanja wa mpira, na mara nyingi uwanja huo uko shuleni. Maji yakija, watu hukimbilia wapi? Shuleni, kwa sababu shule imejengwa kwenye mwinuko. Siku helikopta inapokuja, madarasa yamejaa watoto na wagonjwa, nje pamefungwa vibanda vya turubai, na mahali pa wazi pekee ni uwanja uleule, hatua 30 kutoka ukutani. Kila mtu anasema, si ndio karibu, mzigo hautabebwa mbali.

Mashine ya tani 12 hukaa hewani kwa kusukuma hewa chini, na hewa hiyo ikigonga ardhi hukimbilia pembeni. Ikiwa bado juu sana, chini mnaona majani yakicheza tu. Ikizidi kushuka, kanga zilizoanikwa zinatoka kwenye kamba. Kisha bati la ukingoni, lile ambalo msumari wake umeliwa na kutu na fundi aliahidi kurudi wiki ijayo, linaanza kupiga: pa, pa, pa. Upepo ukishaingia chini yake limekwenda, na linalofuata linalegea. Bati linaloruka hukata kama shoka. Kibanda cha turubai nacho kinang'oka kizima na kamba zake, na turubai likinyonywa juu likajizungusha kwenye mapanga, ndege inaweza kuanguka palepale, juu ya waliokuja kuipokea. Rubani akiona chochote kinaruka hana mjadala. Anainua mashine na kuondoka na unga wake. Chini wanabaki kulalamika kwamba wamenyimwa, wakati jioni mvua inawanyeshea ndani ya darasa lisilo na paa. Na kiwanja hicho kimeshaandikwa kuwa kibaya, kesho ndege itapelekwa kwa wengine.

Kwa hiyo tafuteni sehemu nyingine: uwanja wa mnada wa ng'ombe, shamba lililokwisha kuvunwa, mita 100 au zaidi kutoka paa lolote. Kubeba viroba mita 200 kichwani hakujamuua mtu. Ikiwa hakuna kabisa ila shule, basi viroba vya mchanga vipandishwe juu ya bati za upande ule, darasa la karibu litolewe watu, vibanda vya upande huo vishushwe, na maturubai yakunjwe na kulaliwa na mawe. Nyavu za goli zifunguliwe na milingoti ing'olewe. Saa moja kabla, watu kumi wapite kwa mstari wakiokota: chupa tupu, mifuko, ndala, maboksi. Kiwanja kikiwa kikavu kimwagiwe maji, kwa kuwa vumbi likipanda rubani haoni ardhi sekunde chache za mwisho, wakati anapoihitaji zaidi. Msimwage mpaka pawe tope.

Halafu umati. Januari 2005, baada ya tsunami ya Aceh, Indonesia, marubani wa jeshi la majini la Marekani walikuta watu wameizingira ndege kabla haijatulia, hadi mara nyingine masanduku yakasukumwa nje ikiwa bado hewani. Msaada ukigawiwa hivyo, wa kwanza kuupata ni vijana wenye miguu. Bibi mwenye wajukuu wanne anaokota boksi tupu. Fungeni kamba ya mkonge mita 50 kutoka ukingo wa kiwanja, mgambo wasimame wakiwatazama watu, wasigeuke kushangaa ndege, na watu wote wakae chini. Mtu aliyekaa hakimbii ghafla. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wafungwe. Mwenye droni ya kupigia picha aiache nyumbani, ndege ndogo ile ikikutana na mapanga haijulikani nani atapona.

Hakuna anayesogea mpaka mmoja wa wanajeshi waliomo amwite kwa mkono. Mkaribie kutoka mbele, mahali rubani anawaona, mmeinama, bila kofia wala mtandio unaopepea. Panga la mkia huzunguka kasi kiasi kwamba haliko, kwa jicho. Mi-17 ina kasoro inayowachanganya wengi: mzigo wake hutolewa kwa nyuma, kupitia milango miwili iliyo chini ya mkia. Kwa hiyo mtaitwa nyuma kweli, lakini mtapitishwa ubavuni na mwanajeshi mwenyewe, na mtarudi kwa njia ileile. Asiwepo mjuaji wa kukata kona. Kama kuna mteremko, njooni kutoka upande wa chini. Upande wa juu ardhi inakuinua kuelekea kwenye mapanga.

Injini kwa kawaida haizimwi. Mi-17 hula karibu lita 800 za mafuta kwa saa, na mafuta hayo ndiyo ya safari ya kijiji kinachofuata. Chagueni watu 20, mistari miwili, majina yakiwa yameandikwa jana yake. Tani 2 kwa viroba vya kilo 25 ni viroba 80, na kila mstari ukipitisha kiroba kila sekunde 10, kazi inaisha kwa dakika saba hivi. Lumbesa za kilo 100 ni za sokoni, hapa zinavunja migongo na kuchelewesha ndege.

Kuhusu kiasi, ombeni kwa hesabu. Kwenye makaratasi Mi-17 hubeba hadi tani 4, lakini ikiwa na mafuta ya kwenda na kurudi, na joto letu, pangeni kwa tani 2. Mtu mmoja kwa siku ni gramu 400 za nafaka, 60 za maharage na 25 za mafuta ya kula. Tani 2 za mchanganyiko huo zinatosha watu 590 kwa wiki. Kijiji cha watu 1,700 ni safari tatu kila wiki, kwa hiyo mtendaji anayeandika "msaada wa haraka unahitajika" bila idadi ya watu anamwachia mtu wa ofisini akisie. Orodha iwe na kaya, watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na wanaotumia dawa kila siku: kisukari, kifua kikuu, ARV. Andikeni pia kama kuni zimelowa. Unga usio na moto haupikiki, na mkisema mapema mnaweza kuletewa biskuti za lishe siku za mwanzo.

Maji ya chupa msiyaombe, isipokuwa kwa wagonjwa. Watu 590, kila mmoja lita 15 kwa siku, ni lita 8,850, yaani zaidi ya safari nne kila siku kwa ajili ya maji peke yake, nanyi mmezungukwa na maji. Ombeni vidonge vya klorini. Kidonge cha miligramu 67 kinatibu dumu la lita 20 la maji maangavu, mnasubiri nusu saa. Yakiwa na tope, chujeni kwa kitambaa safi kisha wekeni viwili. Ombeni na madumu yenye vifuniko.

Ndege ikishindwa kutua, mzigo unaweza kuja umening'inia kwenye wavu chini yake. Usiudake. Mashine ikizunguka hewani hujikusanyia umeme, na wa kwanza kuigusa ndoano ndiye anayeupokea, wakati mwingine kwa kuangushwa chini. Uache mzigo uguse ardhi kwanza, na mpokeaji awe yule aliyeelekezwa na jeshi.

Wekeni pia akilini kwamba siku za mwanzo helikopta inaweza isije na chakula kabisa. Msumbiji mwaka 2000, helikopta za jeshi la anga la Afrika Kusini zilinasua watu zaidi ya 14,000 kutoka mapaa na miti, miongoni mwao mama aliyejifungulia juu ya mti huko Chibuto. Penye watu juu ya miti, unga husubiri. Akiba ya siku tatu iwe mikononi mwenu, mahali pa juu, ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Ikishashusha, hurudi tupu. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali awe tayari nje ya kamba, na barua ya zahanati, kadi yake na msindikizaji mmoja. Familia nzima haiwezi kupanda, na mabishano hayo yafanywe usiku uliotangulia. Mjamzito aliyekaribia asiachwe eti anasubiri uchungu.

Mengine ni ya kawaida. Mizigo ihesabiwe mbele ya watu na kusainiwa. Ghala liwe na mbao chini, magunia yasilale sakafuni. Nyoka hukimbilia mwinuko kama watu, mulikeni kabla ya kuingiza mkono kati ya viroba. Watoto wasiingie uwanjani hata baada ya ndege kuondoka, mara nyingi hurudi muda huohuo. Wavu na kamba za mzigo ni mali ya jeshi, zirudishwe. Na kile kipande cha kanga juu ya mti kiangaliwe kila asubuhi, hakikawii kuibiwa.