Simu mbili, akaunti moja: jinsi ninavyotenganisha simu za mke na mume bila kupoteza namba wala picha

Mwanamume mmoja aliingia kibandani kwangu, upande wa Gusii Road hapa Nakuru, ameishika simu yake kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. Asubuhi hiyo alikuwa amempigia mama yake kule Molo kumlalamikia mkewe. Kwenye skrini jina lilikuwa "Mama". Akamwaga yote: kodi ya nyumba, pesa za chama, chumvi kwenye mboga. Upande wa pili kimya. Alipovuta pumzi, sauti ikamwuliza kwa upole, "Baba Shiru, lakini watoto wamekula?"

Kumbe ni mama mkwe.

Mkewe naye alikuwa amemhifadhi mamake kwa jina hilo hilo, na simu zao mbili zilikuwa zinatumia imeili moja tangu siku simu ya pili iliponunuliwa. Simu ikapendekeza kuunganisha majina yanayofanana, mmoja wao akabonyeza kukubali bila kusoma, na mama wawili wakawa mtu mmoja mwenye namba mbili. Yule wa Molo alikuwa namba ya pili.

Watu wakinifikia na shida hii huwa tayari wana mshtakiwa. Mume anasema mke anamchunguza, mke anauliza huyu Brenda ametoka wapi kwenye simu yangu. Mara nyingi hakuna aliyemchunguza mwenzake. Akaunti ya Google inaamini simu zote zilizoingia humo ni za mtu mmoja, kwa hiyo inamletea "mtu huyo" kila kitu chake kila mahali: namba, picha, video alizotazama, hata nywila alizohifadhi. Na aliyeziunganisha simu hizo mara nyingi ni sisi mafundi na wauzaji. Mteja ana haraka, hana imeili, anasema "weka tu ile ya mzee", nasi tunaweka.

Kutenganisha kunachukua kama saa mbili, nyingi zikiwa za kusubiri intaneti. Wekeni simu zote mbili mezani, zikiwa na chaji, na wenyewe wote wawili wawepo. Mmoja akija peke yake na simu ya mwenzake, humwambia arudi naye.

Kabla ya yote: kufuta si kuondoa

Ukifuta namba iliyo kwenye akaunti, inafutika kwenye kila simu iliyoingia humo. Ukiondoa akaunti kwenye simu moja, namba zinatoweka kwenye simu hiyo tu, lakini kwenye akaunti bado zipo na simu ya pili bado inaziona. Asiyejua tofauti hii ndiye anayelia.

Mimi mwenyewe nililia. Nyumbani kwangu niliwahi kumwekea mke wangu akaunti yangu, fundi mzima, kwa uvivu tu. Jioni moja akaamua kusafisha simu yake, maana ilikuwa imejaa majina asiyoyajua: "Skrini Bahati", "Betri ya Jumanne", "Mzee wa Tecno". Akafuta moja moja akitazama taarifa ya habari. Kesho yake wateja wangu walikuwa wameisha. Zilirudi kwa sababu namba zilizofutwa hukaa siku 30 kwenye pipa la taka la Google kabla ya kupotea kabisa, na pipa hilo liko ndani ya programu ya namba na pia kwenye contacts.google.com. Kama limekukuta, soma hadi hapa, uende huko kwanza, kisha urudi.

Hatua ya 1: Jueni akaunti ni ya nani

Fungua mipangilio, ingia sehemu ya Google, kisha usimamizi wa akaunti yako. Kuna mambo mawili ya kutazama.

La kwanza ni namba ya simu ya kurejesha akaunti. Hiyo ndiyo hati ya shamba. Mwenye laini hiyo ndiye atakayeweza kuingia mkisahau nywila. Nimekuta namba ya shemeji aliyehamia Qatar, na nimekuta namba ya muuzaji wa duka. Ibadilisheni leo hii.

La pili, chini ya usalama, ni orodha ya vifaa vilivyoingia. Isome yote. Simu uliyomuuzia mtu pale Free Area mwaka jana bila kutoa akaunti bado inaweza kuwemo, na mnunuzi anazipokea picha za watoto wako. Kila kifaa msichokitambua, kiondoeni.

Anayebaki na akaunti ya zamani, kwa desturi yangu, ni yule ambaye namba zake za kazi ni nyingi zaidi humo. Si lazima awe mume. Mama mmoja anayeuza viazi Wakulima Market alikuwa na wateja mia tatu kwenye akaunti yenye jina la mumewe. Mume ndiye aliyefunguliwa mpya.

Hatua ya 2: Fungueni akaunti mpya kwa anayehama

Fanya hivi kwenye simu yake, ya zamani ikiwa bado ipo. Mipangilio, akaunti, ongeza akaunti, chagua Google, kisha fungua mpya. Aweke namba yake mwenyewe ya kurejesha. Nywila aiandike yeye. Mimi hugeuka nikaangalia barabarani, na mwenzake naye namwomba ageuke.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia, na uchukue misimbo ya akiba ya kuingilia simu ikipotea. Google inatoa misimbo 10, kila mmoja una tarakimu 8. Iandikwe kwenye karatasi, karatasi ikae pale kadi za kliniki zinapokaa. Usiipige picha, maana picha nayo itapanda kwenye akaunti ile ile.

Mkiwa hapo, piga *106# kwenye laini ya kila mmoja. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wake wengi wa hapa mjini wanatumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mume, wengine cha kaka. Laini ikipotea, mwenye kitambulisho ndiye anayeweza kuirudisha, na M-Pesa iko ndani ya laini, haiko kwenye imeili. Hilo haliwezi kutengenezwa kibandani kwangu. Nendeni kwa mtandao wenu na vitambulisho.

Hatua ya 3: Namba

Hapa ndipo kuna jasho. Fungua programu ya namba kwenye simu ya anayehama. Tafuta sehemu ya kupanga au kusimamia, uchague kutoa namba kwenye faili. Simu itauliza kutoka akaunti ipi: chagua ya zamani. Utapata faili moja inayoishia na .vcf. Itume pia kwa WhatsApp kwa mtu mnayemwamini, ikae huko kama akiba.

Sasa ingiza faili hiyo kwenye akaunti mpya. Simu itauliza tena ihifadhi wapi, na hapa watu hukosea kwa kubonyeza haraka. Soma imeili mbili zile herufi kwa herufi. Ukiingiza kwenye ya zamani, utapata kila jina mara mbili na mtarudi kwangu mkiwa mmenuna.

Kwa sasa kila mmoja ana namba zote za wote wawili, na hiyo ndiyo hali salama. Msifute lolote mpaka mmemaliza hatua ya 7. Baada ya hapo kila mtu asafishe upande wake, polepole, jioni kadhaa.

Wale mama wawili, fungua kadi yao na uchague kutenganisha. Kama hakuna chaguo hilo, subiri mmalize hatua ya 7, kisha futa namba moja kwenye kadi na umfungulie mwenyewe kadi yake. Baba Shiru sasa amewaandika "Mama Molo" na "Mama wa Mama Shiru", na aliyaandika kwa mkono unaotetemeka kidogo.

Hatua ya 4: Picha

Picha huleta ugomvi mkubwa kuliko namba kwa sababu namba haijielezi, picha inajieleza. Mke alipiga skrinshoti ya ujumbe wa mkopo wa chama ili amtumie mweka hazina. Dakika chache baadaye mume, akiwa kwenye matatu ya Njoro akitafuta picha ya shamba, akaikuta simuni mwake. Hakupekua. Ilimfuata.

Ukiondoa akaunti kabla ya kuhamisha picha, zile zilizokuwa mtandaoni tu hazitaonekana tena kwenye simu ya anayehama. Kwa hiyo ingia Google Photos kwa akaunti ya zamani, nenda kwenye kushiriki na mwenza, weka imeili mpya. Kwenye akaunti mpya kubali, kisha washa kuhifadhi picha hizo kwako. Lazima uwashe kuhifadhi. Ukiziona tu bila kuzihifadhi, siku mtakapozima kushiriki zitaondoka. Kama hamtaki kupeana kila kitu, tengenezeni albamu ya picha za familia pekee na mwenye akaunti mpya azihifadhi kutoka humo.

Nafasi ya bure ni GB 15, na inagawanywa kati ya imeili, Drive na picha. Ndiyo maana simu mbili kwenye akaunti moja hujaa haraka na imeili zinaacha kuingia. Mkitengana mnapata GB 15 kila mmoja, jambo ambalo waume hulifurahia kuliko sababu nyingine zote nilizowapa.

Mkifuta picha kwa bahati mbaya katikati ya kazi, zilizokuwa zimepandishwa mtandaoni hukaa siku 60 kwenye pipa.

Hatua ya 5: WhatsApp

WhatsApp inafuata namba ya laini, haifuati imeili, kwa hiyo meseji hazichanganyiki kwa sababu ya akaunti. Nakala yake ya akiba ndiyo inayokaa Google. Ingia mipangilio ya WhatsApp, mazungumzo, nakala ya mazungumzo, ubadilishe imeili iwe mpya, kisha hifadhi nakala hapo hapo. Tazama pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kama kuna kompyuta usiyoijua, itoe. Kama kuna mtu alikuwa akisoma meseji zako, alisoma kupitia hapo.

Hatua ya 6: Nywila

Kivinjari cha Chrome kikikuuliza "nihifadhi nywila?" nawe ukakubali, umeihifadhi kwenye simu zote mbili. Anayehama afungue kidhibiti cha nywila, aandike zake anazohitaji, kisha azibadilishe moja moja akiwa ndani ya akaunti mpya. Anza na za benki na za programu za mikopo.

YouTube sihangaiki nayo. Wiki mbili za kutazama kwa akaunti mpya na mahubiri yatajitenga na mpira.

Hatua ya 7: Kuondoa akaunti ya zamani

Kwenye simu ya anayehama: mipangilio, akaunti, gusa imeili ya zamani, ondoa. Iwe ya mwisho kabisa, na hakikisha mpya imo tayari. Simu ikifutwa yote kwa nguvu kupitia vitufe vya pembeni, ikiwaka hudai akaunti iliyokuwemo kabla. Kama akaunti hiyo ni ya mume na mume yuko njiani na lori kuelekea Malaba, na nywila ameisahau, simu imekuwa jiwe la kuzuia mlango.

Kisha anayebaki abadilishe nywila ya akaunti ya zamani na atazame orodha ya vifaa tena. Simu yake tu ibaki.

Wenye iPhone, hesabu ni ile ile ila mchanganyiko ni mbaya zaidi: kwa akaunti moja ya Apple (Apple ID, siku hizi Apple Account) hata orodha ya simu ulizopiga inaweza kutokea kwenye simu ya pili. Nafasi ya bure huko ni GB 5. Kama mnataka kuendelea kushiriki mlivyonunua, Apple na Google zote zina kikundi cha familia cha hadi watu sita, kila mtu na akaunti yake.

Watu wawili siwahudumii kwa mwongozo huu. Wa kwanza ni anayeninong'oneza nimwekee programu ya kusoma simu ya mwenzake. Kuingia kwenye simu ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, na mimi nina watoto. Wa pili ni anayetoroka kipigo. Huyo asibadilishe chochote kwenye simu ile, kwa sababu Google hutuma taarifa kwa simu nyingine na mwenzake atajua saa hiyo hiyo. Atumie simu ya mtu mwingine kabisa, na namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure.

Mkimaliza, jaribuni. Washeni data kwenye simu zote mbili. Upande mmoja andikeni jina la uongo, mimi hutumia "Kuku Saba". Nendeni mkanywe chai. Mkirudi, tafuteni Kuku Saba kwenye simu ya pili. Wa Baba Shiru hawakuonekana. Mama Shiru akamwambia sasa ampigie mamake, simu iko sawa, na yeye akasema atampigia kesho.