Kupunguza chengachenga za joto unapopiga picha za nyota Dodoma

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la Dodoma huingia hadi ndani ya kamera. Sensa, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ikipanda nyuzi 6 hivi, umeme unaovuja ndani yake bila mwanga wowote huongezeka karibu maradufu. Huo ndio unaozaa chengachenga: vidoti vyekundu na vya bluu kwenye picha.

Usiiache kamera kwenye gari mchana. Itoe nje dakika 40 kabla ya kupiga, juu ya stendi, mbali na mwamba uliochomwa na jua. Ukishalenga, zima skrini na uifungue isigusane na mwili wa kamera. Kati ya picha na picha, pumzisha sekunde 30. Barafu hapana kabisa: unyevu hugeuka matone ndani ya kamera.

Kisha picha za giza, hatua inayorukwa mno. Funika lenzi, piga 20 kwa muda uleule wa picha za nyota na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ileile, palepale. Ukizipiga kesho yake sebuleni, joto ni jingine na vidoti havitafutika sawasawa. Programu ya bure ya Siril huchukua wastani wa picha hizo za giza na kuutoa kwenye kila picha ya nyota.