Kuandika manukuu ya Kiswahili ya My Man Godfrey

Kwa anayetaka kukiwekea manukuu, yaani tafsiri ya maneno inayoandikwa chini ya skrini, kichekesho cha Marekani cha enzi za Mdororo Mkuu wa uchumi, My Man Godfrey ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Gregory La Cava, ni chaguo zuri. Hakimiliki yake haikuhuishwa Marekani, kwa hiyo huko filamu yenyewe ni mali ya umma. Angalia tu kwamba nakala zilizotiwa rangi au kusafishwa upya zinaweza kuwa na vitu vya ziada vyenye mwenyewe, na kwamba sheria ya nchi yako huenda ikawa tofauti. Manukuu yatoe kama faili peke yake, usiyachome ndani ya video.

Kisa ni hiki. Mabinti wawili wa tajiri Bullock, Cornelia (Gail Patrick) na Irene (Carole Lombard), wanafika jalalani kando ya mto jijini New York kusaka "mtu aliyesahaulika" wa kuonyesha hotelini, kama kitu kimoja kati ya vilivyoorodheshwa kwenye mchezo wao wa kushindana kusaka vitu. Wanamkuta Godfrey (William Powell). Irene anampeleka hotelini, kisha anampa kazi ya utumishi nyumbani kwao.

Kabla ya kuandika neno lolote, pima urefu wa nakala yako. Filamu ina takriban dakika 94 kwa fremu (picha mojamoja za mkanda) 24 kwa sekunde. Nakala iliyoharakishwa hadi fremu 25 huisha kwenye dakika ya 90 hivi, na manukuu ya nakala moja yatapishana na nyingine kwa karibu dakika nne mwishoni. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na sauti taratibu, kosa ni la fremu: badilisha kiwango hicho kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu. Yakipishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, sogeza yote kwa pamoja. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, unaweza kujaribu kwa vitufe G na H. Yakiruka ghafla mahali pamoja, mkanda ulikatika hapo na fremu zikapotea. Hilo ni la kawaida kwenye nakala za bure, na dawa yake ni kusogeza mistari inayofuata pengo peke yake.

Hifadhi faili kama SRT (faili ya maandishi yenye namba, saa na maneno ya kila nukuu) katika usimbaji wa herufi wa UTF-8. Mstari mmoja usizidi herufi 42, na skrini isibebe zaidi ya mistari miwili. Kasi ya kusoma ni herufi 17 kwa sekunde, kwa hiyo mistari miwili iliyojaa inataka sekunde tano kamili. Hesabu herufi, usihesabu maneno, kwa maana "nisingekuambia" ni neno moja tu lakini jicho halilipiti haraka. Kati ya nukuu na nukuu acha fremu mbili. Ukikata mstari, kata kabla ya "wa", "ya" au "kwa", kamwe usikate baada yake. Nukuu moja ndani ya faili huonekana hivi:

212
01:12:07,250 --> 01:12:10,100
Kaniweka chini ya shawa!
Godfrey ananipenda!

(Saa na namba ni za mfano.) Irene anasema hivyo baada ya Godfrey kumsukuma chini ya maji ya baridi, nguo zikiwa mwilini, na "ka-" ya kusimulia kwa pupa inamfaa kuliko "ame-". Tahadhari: mkono ukikuponyoka ukaandika "kanitia", watazamaji watacheka kitu kingine kabisa.

Kazi kubwa ni namna wanavyoitana. Godfrey anawaita mabinti kwa adabu ya mtumishi, na "Bi Irene", "Bi Cornelia" vinatosha. Bwana Bullock ni "bwana". Mkewe Angelica ni "mama". Usimwite "bi mkubwa", maana nusu ya watazamaji watakaa wakimsubiri bi mdogo. Cornelia aamrishe kwa mzizi mtupu: "leta", "toka", "ondoa". Irene apewe "basi" na "jamani". Godfrey aongee Kiswahili sanifu kilichonyooka, hata akiwa bado jalalani na ndevu zake, kwa sababu baadaye inagundulika kuwa ametoka katika ukoo wa kitajiri wa Boston. Ukimpa lugha ya kijiweni mwanzoni, umemficha mahali ambapo filamu yenyewe haikumficha. Rafiki yake wa Harvard, Tommy Gray, ndiye pekee anayeweza kumwambia "we bwana".

Cheo chake kiandikwe "mtumishi mkuu" mara ya kwanza, kisha "mtumishi". "Boi" liepuke: kwetu neno hilo limebeba ukoloni, na litavuta kisa kwenda kusiko kwake. "Mtu aliyesahaulika" lisigeuzwe "ombaomba". Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alilitumia katika hotuba ya redio ya Aprili 1932 akizungumzia walio chini kabisa ya uchumi, na watazamaji wa 1936 walilijua. Lirudie neno kwa neno kila linapotokea.

Carlo, anayeishi na kula kwa Angelica, ni "mfadhiliwa wangu". Anapoigiza sokwe, acha skrini tupu. Vile viumbe anavyoviona Angelica asubuhi ya uchovu wa pombe viite "vijitu". "Majini" ni zito mno, mtu ataanza kusoma dua. Neno "jalala" litumie lilelile tangu mwanzo, kwani mwishoni Godfrey anafungua klabu ya usiku hapohapo na kuipa jina hilo. Bango lake linastahili nukuu: "JALALANI". Majina ya waigizaji yanayowaka juu ya majengo mwanzoni hayahitaji kitu.

Mahali panapowashinda wengi ni kelele za hotelini, watu kumi wakipayuka kwa pamoja. Nukuu ibebe wazungumzaji wawili tu, kila mmoja na kistari chake. Waliobaki waachwe wapige kelele. Angelica naye hasemi, anamwagika. Chukua nusu ya maneno yake, lakini usipunguze mara anazoruka kutoka jambo hadi jambo, kwa kuwa kichekesho kiko kwenye kuruka huko.

Maelezo ya Godfrey kuhusu hisa karibu na mwisho yatakujaribu uandike somo la uchumi. Mkufu wa lulu ambao Cornelia aliuficha chini ya godoro la Godfrey ili aonekane mwizi ndio uliozaa mtaji, na nukuu moja inatosha: "Lulu zikawa fedha, fedha zikawa hisa, / hisa zikarudi kuwa lulu." Ni herufi 62 pamoja na nafasi, zipe sekunde nne.

Ukimaliza, mwite mtu asiyeijua filamu, zima sauti, na usimamishe kila baada ya dakika kumi umuulize nani anamtawala nani katika chumba kile. Akikosea, rekebisha miito kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha rudi kwenye nukuu ya mwisho kabisa, Irene akimtuliza Godfrey wakati wanafungishwa ndoa, kama mama aliyemshika mtoto wa sindano: "Tulia, Godfrey, inaisha sasa hivi." Isitokee hata fremu moja kabla hajafungua mdomo.