Kichwa chako kina kalenda? Namna ya kujua maumivu yanatoka wapi kabla hujameza dawa nyengine

Miezi sita mfululizo mie nlikuwa naumwa na kichwa kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 3 hivi, halafu kinapoa chenyewe, na kila mwezi nashuka dukani nanunua panadol, ikishindwa nanunua zile za nguvu zaidi, mpaka siku moja shangazi yangu, nesi mstaafu, akanitazama akaniuliza, "Mwanangu, hicho kichwa chako kina kalenda?" Nkacheka. Halafu nkanyamaza, manake tarehe 25 ndo simu za mwenye nyumba huanza na apu za mikopo zinaanza kutuma meseji, na hii kazi yangu ya kutoa mizigo bandarini, tangu makontena yaanze kupanda treni ya SGR kwenda Nairobi, si ile tena.

Basi haya ndo alonifanyisha.

Kwanza kapime. Usijiambie ni mawazo tu, na usikubali mtu akwambie hivo kabla hujapimwa. Presha mtu hutembea nayo miaka asijue, kwa hivo nenda wakupime presha na sukari, ukifika kaa dakika 5 utulie kwanza, sio umetoka kugombana na makanga juu ya chenji unanyosha mkono upimwe. Ikisoma 140/90 au zaidi rudi siku nyengine wapime tena, kipimo kimoja hakitoshi. Na hii ya alsa, yaani vidonda vya tumbo, wacha niiseme: huku kwetu kila alsa ni mawazo, lakini Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria anayesababisha nyingi ya hizo alsa, na zile dawa za maumivu tunazotafuna kama njugu nazo huchimba tumbo. Kifua kikibana, upande mmoja wa mwili ukilegea au maneno yakivurugika mdomoni, hapo usiandike chochote, kimbia hospitali.

Ukishapima chukua daftari, wiki mbili tu. Andika saa, mwili umefanya nini, na masaa machache kabla yake kulikuwa na nini. Neno "stress" marufuku humo ndani, halisemi kitu. Andika "mwenye nyumba kapiga mara 2", "nmelala saa 8 usiku", "leo sijaongea na mtu ila makanga". Langu lilinionyesha kitu sikukitarajia, kichwa hakikuanza simu ikilia, kilianza jioni ya siku iliyotangulia, nikiingojea.

Sababu yake ni hii. Ukikutana na mbwa mkali kichochoroni mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, shingo na taya zinakaza, tumbo linasimamisha kazi. Mbwa akipita vyote vinarudi. Sasa deni halipiti, linakuja kulala na wewe kitandani, na mwili unabaki umekaza hivo hivo wiki nzima. Hata kidonda kinajua: Marekani mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwatia wanawake kidonda kidogo mkononi, chini ya milimita 4, na wale waliokuwa wakiuguza jamaa waliopoteza kumbukumbu walichelewa kupona kwa siku 9. Na usidhani wanaoumia zaidi ni mabosi. Uingereza walifuatilia wafanyakazi wa serikali miaka mingi, utafiti wa Whitehall, wakakuta wa vyeo vya chini ndo walikuwa wakifa zaidi na moyo, na sigara haikutosha kueleza tofauti yote. Mimi nikisoma hilo nawafikiria madereva wa tuktuk wanaopeleka pesa kwa mwenye gari kila jioni, abiria wawepo wasiwepo.

Kwa hivo tafuta kwenye daftari kitu kimoja ambacho mkono wako unafika, ukigeuze. Kimoja. Mie nlimpigia mwenye nyumba kabla yeye hajanipigia, tukakubaliana nilipe mara mbili, tarehe 5 na 20, na meseji za mikopo nkazinyamazisha baada ya isha. Kichwa hakikuisha kabisa, siwezi kukudanganya, lakini kutoka siku kumi kilikuja siku mbili.

Halafu mtu. Unaweza kukaa barazani kila jioni na kahawa na kashata, mkajadili siasa na mpira mpaka usiku, ukarudi nyumbani na mzigo wako vile vile. Mvute mmoja pembeni, umwambie mwanzo kabisa, "Sitaki pesa, nataka unisikize tu." Usiposema hivo Mombasa hii ataanza kutazama saa. Wanawake kwenye vyama vyao wametushinda mbali kwa hili. Lakini mchague, baraza nyengine ukitoa siri asubuhi iko Kisauni.

Usingizi na muguka, ile ndugu yake miraa, sitavirefusha, unavijua, ukitafuna mpaka usiku wa manane moyo unadunda na kulala hulali, sasa kichwa kitapoa saa ngapi. Tembea pale Mama Ngina kando ya bahari baada ya alasiri, nusu saa, siku tano kwa wiki. Kusomewa na kunywa kombe, yale maji yalooshewa aya za Kurani, sikukatazi, mie mwenyewe moyo hutulia nikisomewa, ila dawa ya presha usiiache.

Ikiwa wiki mbili zimepita huna hamu ya kitu, huli, au unawaza kufa, piga 1199, ni laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya na haikati pesa. Na ukienda kwa daktari nenda na daftari lako. Mie wangu alisoma kurasa mbili, akavua miwani, akaniuliza nakaa na nani nyumbani, swali ambalo kwa miezi sita yote hakuna aliyewahi kuniuliza.