Ipe hisia jina kabla hujajibu

Nasimamia zamu za wauguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu si dawa wala sindano, ni watu waliochoka wanaosemezana vibaya. Nimeona wenye vyeti vizuri wakikwama, na wengine wa kawaida wakipanda kwa sababu wanajua wanachohisi wakati huohuo wanapokihisi. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliandika kuhusu uwezo huu mwaka 1990 wakauita akili hisia. Mimi naamini unafundishika.

Anza na mwili. Taya hukaza, masikio hupata moto, kifua hubana, nawe bado hujajua umeguswa wapi. Ijue dalili yako.

Kisha ipe hisia jina, na usilikubali jina la kwanza linalokuja. Hapa ndipo penye kazi. Muuguzi kijana alinijia akitetemeka: mwenzake alikuwa amemsahihisha mbele ya ndugu wa mgonjwa. "Nimekasirika, dada. Naenda kumpasulia." Nikamuuliza, "Ni hasira, au umefedheheka?" Akanyamaza, mabega yakashuka. "Nimeona aibu." Hapohapo haja yake ikawa nyingine. Hasira ilimtuma kugombana; aibu ilimwonyesha cha kuomba, kwamba siku nyingine asahihishwe faragha. Akaenda, akaomba hivyo, akasikilizwa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake walionyesha kwamba watu wakitaja kwa neno hisia wanayoiona kwenye picha ya uso, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka haraka mbele ya hatari, hupunguza mshtuko wake.

Ukishaijua hisia yako, chelewesha jibu. Toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta. Ujumbe wa simu uandike, uache, uusome tena ukishatulia. Lakini kuchelewesha si kumeza: anayemeza, uso wake hutulia, lakini ndani mwili unaendelea kuhangaika, na siku moja hayo yote humwagika kwa mtu asiyehusika, mara nyingi mtoto nyumbani. Kwa hiyo rudi useme, hata kwa sentensi moja: "Lile la asubuhi liliniumiza."

Na kama umekesha, mazungumzo mazito yaahirishe kabisa. Usingizi ukikosekana, hata salamu husikika kama shutuma.

Kwa mwenzako, usikisie. Muulize, "Naona leo umepoa, kuna nini?" kisha nyamaza hadi amalize. Usimkatize kwa ushauri, akiutaka, ataomba.