Kumtegemea Mungu Unapofanya Uamuzi

Kabla ya kuomba, andika uamuzi wenyewe kwa sentensi moja: "Nikubali kazi hii au nisikubali?" Chini yake jibu swali hili: nikinyimwa nini ndipo nitakosa usingizi? Jibu likiwa mshahara, cheo au sifa za watu, basi hapo ndipo tegemeo lako lilipo kwa sasa. Liandike bila kulipamba.

Kisha soma Yoshua 9. Wagibeoni, watu wa mji wa jirani, walijifanya wametoka nchi ya mbali ili Waisraeli wafanye nao agano la amani. Waisraeli walitazama mkate wao, wakaona umekauka na kuota ukungu, viriba vimepasuka, wakaridhika. Mstari wa 14 unasema hawakutaka shauri kwa Bwana. Baada ya siku 3 wakagundua kuwa wale ni majirani, na kiapo cha kuwaacha hai kimeshatolewa. Kukagua hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuishia hapo.

Kwa hiyo omba kwanza, chunguza, halafu omba tena ukiwa na taarifa mkononi. Chaguo linalokudai uongo, rushwa au kuvunja ahadi liondoe leo, hata kama lina faida. Yanayobaki mpelekee Mkristo mkomavu asiyenufaika na jibu lako. (Anayeitikia kila usemalo hafai kazi hii.)

Wengi hukwama kwenye ishara: hufungua Biblia popote na kushika mstari wa kwanza. Huko ni kupiga ramli kwa Maandiko. Ugonjwa nao usiugeuze mtihani wa imani. Meza dawa huku ukiomba. Katika 2 Mambo ya Nyakati 16:12, Asa, mfalme wa Yuda aliyeugua miguu, alilaumiwa kwa sababu aliwatafuta waganga (yaani matabibu) bila kumtafuta Bwana.